Historia ya Ziwa Huanzia Chini

Anayeanzisha tanki la samaki wa matumbawe hununua mchanga kabla ya samaki. Akichagua mchanga wa aragoniti, uliotokana na mabaki ya matumbawe na kombe, anajua kwamba utayeyuka kidogo kidogo na kuyazuia maji yasiwe na asidi. Akitumia chembe kubwa, makombo ya chakula yatazama katikati yake na kuozea humo. Akitumia chembe laini mno, pampu itazitimua na maji yatakuwa machafu kila siku. Samaki wanaojizika mchangani hawatadumu juu ya kokoto, na wanaojificha miambani hawatadumu pasipo na jiwe. Kwa hiyo mchanga ndio unaoamua ni nani atakayeishi humo. Ziwa Victoria upande wa Kenya lilisimamiwa kwa mpangilio wa kinyume. Tangu enzi ya ukoloni, sheria zimehesabu samaki na kupima matundu ya nyavu, lakini sakafu wanayozalia samaki hao haikupewa nafasi. Hoja yangu ni kwamba historia ya uvuvi wa Kisumu na pwani yake haieleweki vizuri mpaka isimuliwe kuanzia chini, kwenye mchanga, tope na mwamba.

Mchanga wa ziwa hili si ndugu wa mchanga wa Mombasa. Ule wa bahari kwa sehemu kubwa ni viumbe vilivyosagika. Huu wa Nyanza ni mawe yaliyomomonyoka, yakiwemo ya itale kama yale yanayoonekana Kit Mikayi, huko Seme, magharibi ya Kisumu. Chembe zake hazibadilishi maji, kwa hiyo samaki wa hapa walizoea maji baridi yenye madini machache. Sakafu yenyewe ni changa. Tope lililochimbwa katikati ya ziwa linaonyesha kwamba miaka 15,000 hivi iliyopita ziwa lilikauka, likaja kujaa upya. Katika muda huo, ambao kwa kipimo cha maumbile ni mfupi sana, samaki wadogo waitwao furu waligawanyika wakawa mamia ya aina, na mgawanyo huo ulifuata sakafu kwa kiasi kikubwa. Wapo waliokuwa na meno ya kukwangua mwani juu ya mawe, wapo waliovunja konokono mchangani, wapo waliochakura tope kutafuta mabuu ya wadudu wale ambao hupaa juu ya ziwa kama moshi. Samaki wakubwa nao walikuwa na makao yao. Mbiru walipenda kingo zenye mchanga na mawe, zinazopigwa na mawimbi. Ngege walipenda ghuba tulivu zenye sakafu laini. Kwa jamaa hawa wote wawili, dume huchimba kiota sakafuni, jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea. Mahali pasipochimbika kiota, kizazi hakianzi.

Reli ilipofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901, samaki wa ghuba ya Winam walipata soko la mbali. Mnamo 1905 nyavu za kunasa kutoka Ulaya zilianza kutumika katika ghuba hiyo. Kabla ya hapo Waluo walivua kwa mitego ya mtoni, migono na kokoro la mafunjo, zana ambazo hazikuweza kufika mbali na ufuo. Wavu wa kigeni mwanzoni ulitoka na makumi ya ngege. Miongo miwili baadaye ulitoka na wachache. Ndipo mtafiti Michael Graham alipotumwa kulichunguza ziwa lote mwaka 1927 na 1928, na pendekezo lake likazaa sheria iliyokataza nyavu zenye matundu ya chini ya inchi tano. Sheria hiyo ilikuwa na busara yake, kwani ilimwachia ngege nafasi ya kuzaa angalau mara moja. Ila ilimwona samaki akiwa ndani ya maji tu. Elimu ya sakafu haikukosekana. Katika miaka ya 1950 mtafiti Rosemary Lowe aliandika juu ya viota na makuzi ya ngege na mbiru, na Humphry Greenwood, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, alieleza aina moja baada ya nyingine ya furu pamoja na chakula chake. Maarifa yalikuwepo vitabuni, lakini kanuni ziliendelea kuuliza ukubwa wa tundu, mpaka zenyewe zikalegezwa kuelekea uhuru.

Sakafu pia ndiyo iliyoamua mvuvi avute wapi. Kokoro, wavu mrefu unaovutwa na watu hadi ufuoni, haliwezi kupita juu ya mwamba bila kuchanika. Linahitaji ufuo safi wa mchanga. Kwa hiyo mzigo wote wa kokoro uliangukia pale pale ambapo viota vilichimbwa na watoto wa samaki walikulia. Nyavu za kuburutwa na meli nazo zinahitaji sakafu tambarare na laini, yaani makao ya furu wa tope. Wakati huohuo, mbali na ziwa, udongo ulikuwa ukisafiri. Mashamba ya chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, miwa ikaenea Muhoroni na Chemelil, misitu ikapungua, na mto Nyando ukawa unamwaga ghubani udongo mwekundu kila msimu wa mvua. Makorongo ya Katuk Odeyo, kule Nyakach, yanaonyesha hadi leo udongo huo ulikotoka. Tabaka za tope la ziwa zimeweka kumbukumbu ambayo hakuna ofisi iliyoiandika: mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya kina yalikuwa yakikosa oksijeni kwa vipindi virefu.

Hapa msomaji wa Nyanza ana pingamizi tayari: aliyewamaliza furu ni sangara, yaani mbuta, na kila mtu anajua. Ni kweli, na hakuna haja ya kumtetea. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa zaidi ya nusu ya samaki wote waliovuliwa upande wa Kenya, wakati utafiti wa 1969 hadi 1971 ulikuta furu wakiwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafuni. Lakini sangara pekee haelezi mambo mawili. Kwanza, ngege na mbiru walikuwa wameshapungua vibaya kabla yeye hajawa na nguvu. Pili, uharibifu wake haukuwa sawa kila mahali. Furu wa miambani walinusurika zaidi kuliko wale wa tope la wazi, kwa sababu mwamba ulimzuia sangara kama ulivyolizuia kokoro. Hata pale ambapo furu hawakuliwa, maji yaliyotibuka yaliwadhuru kwa njia nyingine. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi. Maji yakitibuka, rangi hazitofautiani, aina huchanganyika, na nyingine hupotea bila kuliwa na yeyote. Sangara alikuwa pigo, lakini alilipiga ziwa ambalo sakafu yake ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na tope limekuwa humo tangu zamani; hata ngege mwenyewe alipenda sakafu laini, na samaki aitwaye kamongo huishi kwenye matope bila kulalamika. Je, kulaumu tope si kulaumu maumbile? Jibu ni kwamba tope si adui, kama vile mchanga laini si adui katika tanki. Kilichopotea ni mchanganyiko: mwamba hapa, mchanga pale, tope kule, mafunjo pembeni, kila kimoja na wakazi wake. Ushahidi mzuri uko Siaya, ziwani Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala. Ziwa hilo ni dogo, lina tope na limezingirwa na mafunjo, na sangara hakufika humo. Ngege waliotoweka katika sehemu kubwa ya Ziwa Victoria wangali wanaishi Kanyaboli, pamoja na furu. Tope lililotulia na lenye oksijeni ni makao. Tope linaloletwa na kila mafuriko, likifunika mchanga na mawe, ni mazishi ya makao.

Jumba la makumbusho la Kisumu lilifunguliwa mwaka 1980 likiwa na matanki ya samaki wa ziwa, katika muongo uleule ambao furu walikuwa wakitoweka nje ya kioo. Hilo halipaswi kubaki kejeli tu, kwa kuwa mambo mawili mapya yanaigusa sakafu moja kwa moja. Ujenzi unahitaji mchanga, na mchanga unachotwa kwenye fuo na mitoni; Kenya ina mwongozo wa kitaifa wa uvunaji wa mchanga tangu 2007, lakini mwongozo unaotazama mchanga kama bidhaa hausemi ni ufuo upi una viota. Halafu kuna vizimba vya samaki vilivyoongezeka Siaya, Busia na Homa Bay, ambavyo chakula kisicholiwa na kinyesi huanguka chini yake. Wenye vizimba watasema, kwa haki, kwamba vimewapa watu samaki wakati ziwa haliwapi tena. Lakini kizimba kilichowekwa juu ya maji yenye kina na mkondo si sawa na kilichotundikwa juu ya ghuba tulivu ya kuzalia. Tofauti hiyo haionekani juu ya maji, ndiyo maana inahitaji ramani ya sakafu kabla ya kibali. Vikundi vya kusimamia fuo, BMU, vilivyopewa kanuni zao mwaka 2007, vinajua mazalio kuliko ofisi yoyote, na baadhi vimeanza kuyatenga. Kinachokosekana ni sheria ya kulazimisha mwenye lori la mchanga, mwenye kizimba na mwenye kokoro kuuliza swali ambalo mwenye tanki hulianza nalo: chini pana nini, na nani anapategemea?