Tovuti nayo ni kibanja

Huku chuo ni wiki ya majaribio, vimbweta vimejaa, kila mtu na desa lake. Mimi nawaletea kastori ka historia ambako hakamo kwenye kozi yoyote: utunzaji wa tovuti, tukiutazama kutokea kwetu Kagera.

Tuanze na kasi. Jina la .tz lipo tangu 1995, ila kwa miaka mingi intaneti ya miji kama Bukoba ilitegemea setilaiti iliyo juu kama km 36,000. Ukibofya, ombi linapanda na kushuka, jibu nalo hivyo hivyo. Nusu sekunde imeshaenda na ukurasa haujaanza hata kufunguka! Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi Dar, na mkongo wa taifa ukafika mkoani kwetu, ukaungana na Uganda pale Mutukula na Rwanda pale Rusumo. Kagera tuliyozoea kuiita mwisho wa nchi ikawa mlango.

Basi watu wakadhani kasi imeshapatikana. Wapi! Barabara hata ikiwa lami, lori lililozidishiwa mzigo litatambaa tu. Picha ya MB 5 iliyopandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera inakula bando la msomaji bure, wakati ukiipunguza hadi KB 100 inakuwa nyepesi mara 50, na kwenye simu haoni tofauti.

Usalama nao ni hivyo hivyo. Oktoba 2014 lilipatikana tundu kwenye Drupal, programu inayoendesha tovuti nyingi duniani. Watengenezaji wake wakatoa marekebisho, kisha wakaonya kuwa tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 ihesabiwe imeshavamiwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kinachouma ni kwamba Microsoft walishatoa marekebisho tangu Machi. Dawa ilikuwepo, wa kuinywa ndio walichelewa.

Wazee wa Muleba wanalielewa hili bila kugusa kompyuta. Mnyauko wa migomba uliporipotiwa wilayani humo mwaka 2006, moja ya njia zake za kusambaa ilikuwa panga: unakata mgomba mgonjwa, unahamia mzima bila kusafisha. Kinga yake haina maajabu. Safisha panga kwa moto au jiki, toa ua dume kwa kijiti chenye panda, ng'oa ulioathirika. Na kibanja chenyewe kinaishi vizazi kwa sababu kila msimu mtu anatandaza nyasi na kutia samadi. Ukikiacha, hakifi siku hiyo. Kinadhoofika taratibu, na ndiyo maana ni rahisi kukisahau.

Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zetu zilizinduliwa kwa mfumo mmoja, uliotengenezwa na Wakala ya Serikali Mtandao. Mfumo mmoja una faida, maana rekebisho moja linaziba tundu kote. Ila kosa likiachwa, nalo ni la wote. Tena mfumo hauwezi kumfanyia kila kitu afisa wa wilaya. Kufuta akaunti ya mtumishi aliyehama, kubadili nywila, kuhifadhi nakala na kujaribu kama kweli inarudi, kuondoa tangazo la mwaka juzi: hizo ni kazi za mkono wake, wiki hadi wiki.

Kwa nini nalipigia kelele? Muleba ina visiwa. Kijana wa Goziba anayesubiri tangazo la ajira, tovuti isipofunguka atapanda boti avuke ziwa, kisha atafute usafiri hadi mjini, kwenda kusoma karatasi ukutani. Pengine akute muda umepita jana.

Kwa hiyo ukisikia ofisi inazindua tovuti mpya, piga makofi, halafu uliza nani atakuwa anatandaza nyasi.

Naomba kutoa hoja. Ngoja nikadese, kesho saa mbili nina jaribio.