Mafuta, Mikataba na Dhamana ya Umma: Urais wa Warren Harding, 1921–1923

Warren G. Harding alichaguliwa kuwa rais wa Marekani mwezi Novemba 1920 kwa takriban asilimia 60 ya kura za wananchi, akiahidi kuirejesha nchi katika hali ya kawaida baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifariki San Francisco tarehe 2 Agosti 1923. Historia humkumbuka zaidi kwa kashfa ya Teapot Dome, ambayo mara nyingi huelezwa kuwa zao la ukaribu wa serikali yake na matajiri. Makala haya yanajenga hoja kwamba ukaribu huo peke yake si maelezo ya kutosha.

Sera za kuwapendelea wafanyabiashara zilipitishwa hadharani. Chini ya Waziri wa Fedha, Andrew Mellon, sheria ya 1921 ilifuta kodi ya faida ya ziada na kupunguza kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 73 hadi 58. Sheria ya Fordney-McCumber ya 1922 ilipandisha ushuru wa forodha. Sera hizo zilikuwa na wapinzani wengi, lakini zilijadiliwa na kupigiwa kura bungeni.

Mafuta yalipita njia nyingine. Tarehe 31 Mei 1921, kwa amri ya rais tu, hifadhi za mafuta za jeshi la majini zilihamishiwa katika wizara ya Albert Fall, iliyosimamia ardhi ya umma. Mwaka 1922 Fall alimkodisha Harry Sinclair eneo la Teapot Dome, Wyoming, na Edward Doheny eneo la Elk Hills, California, bila zabuni ya ushindani. Doheny alikuwa amempa Fall dola 100,000 taslimu, akiziita mkopo.

Lenye uzito zaidi ni muundo wa mikataba. Sehemu ya mrabaha wa serikali ilibadilishwa kwa ujenzi wa matangi ya mafuta, yakiwemo ya Pearl Harbor. Hivyo mali ya umma iligharimia miradi ambayo Bunge halikuiidhinishia fedha. Jambo hili lina kinaya, kwani Harding alitia saini sheria mpya ya bajeti na ukaguzi wa hesabu siku kumi tu baada ya amri ya kuhamisha hifadhi.

Uwajibikaji ulikuja polepole. Kamati ya Seneti, ikiongozwa katika mahojiano na Thomas Walsh wa Montana, ilifichua malipo hayo, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ikabatilisha mikataba yote miwili. Fall alitiwa hatiani kwa rushwa mwaka 1929 na kufungwa mwaka 1931. Doheny, aliyeshtakiwa kutoa fedha zilezile, aliachiwa huru mwaka 1930.

Hukumu hizo mbili zinazokinzana zinaonyesha mipaka ya kesi za jinai. Kilichorudisha mafuta kwa umma ni kubatilishwa kwa mikataba. Kwa watunga sera wanaosimamia maliasili, swali la kwanza basi lisiwe kama serikali inawapenda wawekezaji, bali nani ana mamlaka ya kuhamisha dhamana ya umma, kwa utaratibu gani, na mbele ya macho ya nani.