Kutoka Makerere hadi tahasusi 65: Nani amekuwa akimchagulia mwanafunzi njia?

Tofauti kati ya tahasusi za PCB na CBG, yaani mafungu ya masomo ya kidato cha tano na sita, ni somo moja tu. Mwanafunzi wa PCB husoma fizikia, kemia na baiolojia. Wa CBG huiacha fizikia na kuchukua jiografia. Wote wawili huweza kuingia maabara moja, wakafundishwa baiolojia na mwalimu yuleyule na kufanya mtihani uleule. Lakini siku ya kuomba chuo, shahada ya udaktari wa binadamu hudai masomo yote matatu ya PCB. Aliyesoma CBG, hata akipata daraja la kwanza la pointi tatu, njia hiyo imeshafungwa kwake. Na aliifunga mwenyewe miaka miwili nyuma, akiwa kidato cha nne, alipojaza Selform, fomu ya machaguo.

Uamuzi mzito hivi umewekwa mikononi mwa vijana ambao wengi hawajatimiza miaka 18. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa sehemu kubwa ya historia ya elimu yetu, mwanafunzi hakuchagua sana, alichaguliwa. Waliomchagulia walibadilika zama kwa zama: mkoloni, kisha mipango ya taifa, kisha chama, na baadaye soko la ajira na kompyuta ya udahili.

Zama za Makerere

Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alikuwa na mlango mmoja karibu naye, nao ulikuwa Kampala. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua hadi kuwa chuo, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kinachotoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kuingia huko kulihitaji kufaulu mtihani wa Makerere wenyewe. Julius Nyerere alimaliza Tabora mwaka 1942, akaingia Makerere 1943 na kutoka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu.

Orodha ya kazi za Mwafrika msomi wakati huo ilikuwa fupi: ualimu, uganga wa hospitali, kilimo, mifugo na ukarani wa serikali. Mitihani ya sekondari ilitungwa na kusahihishwa Cambridge, na masomo yaliyofundishwa ndiyo yaliyotahiniwa huko. Hakukuwa na haja ya mshauri wa masomo, kwa sababu hakukuwa na mengi ya kushauriana.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, uhaba wa wataalamu wazalendo ulikuwa mkubwa mno. Mwaka huohuo, Oktoba, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Sheria ilitangulia kwa sababu haikuwa ikifundishwa Makerere wala Nairobi. Kuanzia 1963 vyuo hivyo vitatu vikaunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kugawana kazi: Makerere ikabaki na udaktari, Nairobi ikashika uhandisi, Dar es Salaam ikawa na sheria. Mtanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alipanga safari ya Nairobi.

Taifa linapanga

Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza 1964, uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi zote za juu. Serikali ikahesabu ingehitaji walimu wangapi, madaktari wangapi na mabwana shamba wangapi, kisha ikagawa nafasi za masomo na ufadhili kwa hesabu hiyo. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma alipangiwa kazi na kuwajibika kuitumikia nchi kwa muda maalumu.

Mfumo huo ulikuwa na ukali wake. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwalimu Nyerere aliwafukuza masomoni karibu 400 kati yao. Mwaka uliofuata akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliosisitiza kwamba shule isimwandae mtoto kuikimbia jamii yake.

Hata hivyo zama hizo zilikuwa na jambo moja ambalo leo tunalikosa: mwanafunzi alijua kwa nini anasoma anachosoma. Mzazi wa Songea au Shinyanga hakulazimika kubashiri kama shahada ya mwanawe ingekuwa na kazi. Kazi ilikuwa imepangwa kabla shahada haijaanza.

Michepuo na Musoma

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na sheria ya mwaka 1973 ikaanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Katika muongo huohuo sekondari zikapewa michepuo minne: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mwanafunzi wa shule ya ufundi kama Ifunda, Moshi au Tanga alishika nyundo na randa sambamba na hisabati. Mchepuo ulifuata shule aliyopangiwa, si ndoto aliyolala nayo.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia JKT, akafanya kazi isiyopungua miaka miwili, kisha akahitaji mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia ilikuwa kumpata msomi anayeijua kazi na kuwajua watu wake. Lakini wengi walipoonja mshahara au kuanza familia hawakurudi darasani, na vitivo vya sayansi vikakosa wanafunzi wa kutosha. Azimio likaanza kulegezwa ndani ya miaka michache, wasichana wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa kupita moja kwa moja.

Kompyuta badala ya mpangaji

Kuanzia miaka ya 1980 serikali haikuweza tena kumhakikishia kila mhitimu ajira. Miaka ya 1990 vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kutoa mikopo, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikaanza kazi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 ulizaa shule za kata kila pembe ya nchi, nyingi zikiwa na madarasa bila maabara wala walimu wa sayansi. Watoto wengi wakasoma sanaa kwa kuwa fizikia haikuwa na mwalimu. Huko nako ni kuchaguliwa, isipokuwa aliyechagua hakuwa na mpango.

Mwaka 2010 TCU ilianzisha udahili wa pamoja kwa mtandao. Mwombaji aliorodhesha kozi alizozitaka na kompyuta ikampangia. Mwaka 2017 mfumo huo ukaachwa, waombaji wakaanza kuomba chuo kimoja kimoja.

Kisha, mwaka 2024, serikali ikatangaza tahasusi mpya 49, zikaungana na 16 zilizokuwapo na kufikia 65. Mbali na sayansi, lugha na sayansi ya jamii, sasa kuna makundi ya biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Waliomaliza kidato cha nne 2023 waliruhusiwa kubadili machaguo yao mtandaoni. Hakijawahi kuwapo kizazi cha Watanzania kilichopewa nafasi pana ya kuchagua namna hii.

Chaguo bila mshauri

Hapa ndipo penye tatizo. Walimu wa ushauri wa kazi walikuwapo shuleni tangu zamani, wakisaidia kujaza fomu, na miaka ya 1980 huduma ya unasihi ilitiliwa mkazo zaidi. Lakini katika shule nyingi mwalimu huyo ni yuleyule mwenye vipindi kila siku, darasa la kusimamia na madaftari ya kusahihisha. Tahasusi zimeongezeka mara nne, naye bado ana mikono miwili.

Pengo hilo huonekana hata katika hesabu ndogo. NECTA inapopanga madaraja, A ya kidato cha sita ni pointi 1, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Kwenye udahili wa TCU hesabu hugeuka: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kiwango cha chini kwa kozi zote ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Juu ya hapo kila kozi huongeza masharti yake. Mzazi asiyeelezwa haya humpongeza mtoto kwa daraja la pili bila kujua kwamba somo ambalo kozi yake inalidai ndilo aliloanguka.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, ukionyesha kwa kila kozi masomo yanayodaiwa. Mwongozo huo husomwa na wahitimu wa kidato cha sita, wakati wanaouhitaji zaidi ni wa kidato cha tatu na cha nne. Mkuu wa shule anaweza kuuchapisha na kuubandika ubaoni. Mwalimu anaweza kutenga jioni moja kwa muhula, akawaita muuguzi wa zahanati, fundi umeme na ofisa kilimo wa kata waeleze walipita wapi. Mwanafunzi naye aanze na kazi anayoitamani, arudi kwenye kozi inayoifikisha, kisha kwenye masomo, na mwisho kwenye kombi, yaani tahasusi. Wengi huanza na kombi kwa kufuata rafiki.

Wazee wetu walichaguliwa njia na watu waliokuwa na mpango, hata pale mpango ulipokosea. Watoto wetu wameachiwa wachague wenyewe, na haki hiyo ni kubwa. Basi kabla Selform ya mwaka huu haijajazwa, mzazi, kaa na mwanao, na mwongozo uwe mezani. Mwalimu, usikubali mtoto aandike herufi tatu ambazo hajui zinampeleka wapi.