Nyumba ya Kilima cha Pimbi
Karibu na mji wa Nakuru, msomaji, kiko kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akafukua makaburi na makao ya watu wa kale. Nyumba ya mlowezi iliyokuwapo ilitolewa, na mwaka 1965 ikawa makumbusho.

Huenda ukauliza: "Ya nini kuitunza nyumba ya mlowezi?" Tazama kilichomo: ushahidi kwamba nchi hii ilikuwa na wenyewe maelfu ya miaka kabla yake. Paa likibomoka, ushahidi huo utaharibika. Wazee wetu walijenga shule kwa harambee, huyu akitoa shilingi, yule kuku. Nasi tuchange vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.