Mguu unaonekana, usingizi hauonekani

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, msinilaumu, ni msuli wa mitihani na bumu kuchelewa, si mnajua tena. Leo nimekaa kimbwetani nikasema hapana, hili la tangu likizo niliandike. Ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta chai kabisa.

Lilianzia kwenye semina. Tulipewa makala kuhusu askari wastaafu wa Marekani na jinsi wanavyopimwa ulemavu unaotokana na kiwewe cha vita, ile wanayoiita PTSD. Jamaa mmoja wa nyuma akadakia: "Yaani ndoto mbaya nayo ina asilimia?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikamkumbuka babu yangu kule Newala, kicheko kikaniishia mdomoni.

Babu alipigana vita vya Kagera. Alirudi na mikono miwili, miguu miwili na macho yote. Lakini nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mwembe, na usiku embe likidondoka juu ya bati, pa!, babu alikuwa uvunguni kabla sisi hatujajua kimetokea nini. Bibi ndiye aliyeamua mwembe ukatwe. Sisi watoto tulilia kwa ajili ya embe, na hakuna aliyetueleza sababu.

Babu ana mwenzake wa kikosi kimoja anayeishi Masasi. Huyo alipoteza mguu chini ya goti. Kila mtu anamwita shujaa, na karatasi zake zilishughulikiwa. Babu alipokwenda ofisi moja (siitaji) aliulizwa: "Mzee, jeraha lako liko wapi?" Akarudi nyumbani, hakwenda tena. Mtaani anajulikana kama yule mzee mkali.

Sasa kwanza hiyo asilimia, maana hata mimi nilikuwa naielewa vibaya. Idara ya maveterani ya Marekani ina ngazi sita kwa magonjwa ya akili: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kinachopimwa si ndoto yenyewe. Kinachopimwa ni ugonjwa umeharibu kiasi gani kazi ya mtu na maisha yake na watu. 0 maana yake ugonjwa umethibitishwa ila haumzuii kufanya shughuli zake wala haumlazimu kutumia dawa mfululizo. Kwenye 30 kuna mambo kama usingizi mbovu wa kudumu, huzuni, mashaka, na kazi kuyumba mara moja moja. Kwenye 50 kuna hofu kali inayomshika zaidi ya mara moja kwa wiki, kumbukumbu kupungua, na kushindwa kuelewana na watu. 70 ndiko kwenye mawazo ya kujiua na hasira zinazolipuka. 100 ni yule ambaye hawezi tena kazi wala kuishi na watu.

Na ukiwa na majeraha mawili hawajumlishi kama dukani. 50 na 30 haziwi 80! Wanaondoa 50 kwanza, wanachukua asilimia 30 ya ile 50 iliyobaki, yaani 15, inakuwa 65, halafu wanaipandisha iwe 70.

Ili ulipwe lazima uonyeshe mambo matatu: ugonjwa uliothibitishwa na mtaalamu, tukio la jeshini, na kiungo kati ya hayo mawili. Hapo kwenye tukio ndipo wengi walikwama miaka mingi. Mwaka 2010 masharti yalilegezwa: hofu ya kushambuliwa na adui, ikilingana na mahali alikotumikia na mtaalamu wa idara akiithibitisha, inatosha. Na kuna kanuni nyingine niliipenda: ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, mashaka yanamwendea askari.

Msidhani Wamarekani walizaliwa na busara hiyo. Ugonjwa wenyewe uliingia kwenye kitabu cha madaktari wao wa akili mwaka 1980, baada ya kelele nyingi za waliorudi Vietnam. Yaani babu alikuwa keshatoka vitani.

Hizi asilimia zina historia ndefu, na hapo ndipo nyumbani kwetu kunapoingia. Mwaka 1917 Uingereza ilitoa jedwali la pensheni za vita. Vidole viwili, asilimia 20. Viungo viwili vya mwili, 100. Mkono wa kulia ulilipwa zaidi ya wa kushoto. Mwili wa askari ukawa kama bucha, kila kipande na bei yake. Wendawazimu kamili nao ulikuwa 100, lakini huyu wa katikati, anayetetemeka na halali, walibishana naye sana. Wakati fulani katika vita hiyo waliwagawa kwa herufi moja tu. Kama bomu la adui lililipuka karibu yako, uliandikiwa herufi ya jeraha, ukahesabika majeruhi. Kama ulivunjika moyo taratibu, uliandikiwa herufi ya ugonjwa, na heshima ya majeruhi hukuipata. Herufi moja, wajameni.

Mwaka huohuo, Novemba 1917, vita hiyohiyo ilikuwa imefika kwetu. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walikuwa wamesukumwa kutoka Lindi hadi Chiwata, upande wa Masasi, wakapanda uwanda wa Makonde. Chakula kimeisha, kwinini inaisha. Pale Nambindinga ukafanyika uamuzi: wanaoendelea ni wale tu wenye nguvu ya kutembea, kama bunduki 2,000. Mamia ya Wazungu na askari weusi waliokuwa wagonjwa na wenye majeraha waliachwa wachukuliwe na Waingereza. Waliobaki wakapitia Kitangari na Newala, wakashuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba wakavuka kwenda Msumbiji.

Mimi Kitangari nimepita mara nyingi juu ya lori la korosho, na sikuwahi kujua kwamba karibu na hapo watu walipangwa mafungu mawili: anayefaa na asiyefaa. Hicho nacho kilikuwa kipimo cha ulemavu, chenye ngazi mbili tu. Na hakikuulizwa kwa ajili ya askari, kiliulizwa kwa ajili ya vita.

Wapagazi ndio hawakuwa hata na herufi. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa upande wao, wengi kwa maradhi na njaa. Jina walilotuachia ni Kariakoo, pale tunapokwenda kununua viatu: kambi ya kikosi cha wapagazi.

Kuna kisa kinasimuliwa sana. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Mhasibu akaja Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti wachache mno. Basi yule mhasibu, inasemekana, akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Karibu miaka hamsini imepita na mwili bado unakumbuka!

Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi siku hizi sicheki nacho tena. Kama mikono inaweza kukumbuka amri ya 1914, kwa nini tushangae masikio ya babu yakikumbuka kombora la 1979? Ufagio ulithibitisha kwamba mzee alikuwa askari. Haukuuliza uaskari ulimfanya nini.

Vita ya pili nayo hivyohivyo. Vijana wa Tanganyika walipigana hadi Burma. Malipo ya kumaliza vita yalikwenda kwa rangi: askari wa kawaida mzungu wa makoloni shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, mweusi wa cheo hichohicho shilingi 3 na nusu. Na upande wa akili, daktari mkubwa wa hospitali ya Mathari, Nairobi, J.C. Carothers, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hapati sonona kama Mzungu kwa sababu ubongo wake wa mbele hautumiki ipasavyo. Sasa kama kitabu cha daktari kinasema huna cha kuumia, nani atakupimia asilimia?

Turudi kwa babu. Amin aliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978. Jeshi letu lilipanuka kutoka kama watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000, wakiwemo mgambo. Kutoka Newala kwenda Kagera ni kona ya nchi hadi kona ya nchi. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Waliporudi, taifa liliambiwa lifunge mkanda miezi 18, na kila mtu akarudi kwenye mikorosho yake. Nani angeulizia usingizi wa mtu wakati sabuni haipatikani?

Likizo hii niliwauliza. Mzee wa Masasi nilimkuta kibarazani, nikamwamkia, nikamweleza habari za asilimia. Akapiga mguu wake wa bandia kwa fimbo, akasema: "Huu mimi nauvua usiku nalala. Mwenzangu chake hakivuliki."

Babu mwenyewe alijibu mara moja tu: "Mjukuu wangu, mguu ukikatika wanauona. Usingizi ukikatika nani anauona?" Akanyamaza, akawasha redio.

Bibi ndiye aliyezungumza, jikoni, anachambua mboga. "Mimi hiyo asilimia siijui. Ninachojua, tangu alipotoka vitani hajawahi kulala upande wa ukutani. Lazima mlangoni. Mvua ikianza kupiga bati anaketi mpaka asubuhi, na mimi naketi naye."

Kule Marekani, barua ya mke au ya mwenzako wa kikosi inapokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo yule mwanamke mwenye kisu na mboga ni faili kamili la miaka arobaini na kitu, na hakuna aliyewahi kulifungua.

Sisemi asilimia ni dawa. Ina ubaya wake: inamfanya mtu athibitishe kila mara kwamba ni mgonjwa, na anayepata nafuu anaogopa kupunguziwa. Lakini nikitazama kutoka Nambindinga hadi ufagio wa Mwanza, naona swali halikuwa kamwe mtu ameumia kiasi gani. Swali lilikuwa nani anaaminiwa akisema ameumia. Namba ni njia ya kuandika imani hiyo kwenye karatasi. Babu hakuaminiwa, ndiyo maana hana namba.

Nimeanza kuandika maneno ya bibi kwenye daftari: mwaka, kikosi, walikopita, usiku unavyokwenda. Mzee wa Masasi amekubali kuweka sahihi. Sijui kama ofisi yoyote italisoma, ila kwa mara ya kwanza babu aliuliza: "Umeandika na ile ya mwembe?" Nikamwambia nimeandika.

Na nyie ambao baba zenu walikuwa walinda amani mashariki mwa Kongo, hasa waliokuwepo kambi iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017, msisubiri miaka arobaini. Waulizeni mama zenu wanalala upande gani.

Haya, giza limeingia, naelekea kantini kabla ugali haujaisha. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.