Utendaji wa jeni na ukali wa influenza
Uhusiano kati ya jeni zinazoamka au kutulia katika chembe za damu za mgonjwa na kiwango cha ugonjwa wake. Hupimwa kwa kusoma RNA katika sampuli ya damu.

Mfano mzuri ni utafiti wa MOSAIC wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, kuhusu watu wazima 131 waliolazwa hospitalini kwa influenza. Kwa wasiohitaji mashine ya kupumulia, hadi siku ya 4 ya dalili zilitamba jeni za interferoni, zinazozuia virusi kuzaliana. Kwa waliowekewa mashine mambo yalikuwa mengine: mapema kabisa zilipanda jeni za uvimbe na za neutrofili, chembe nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria. Ajabu ni kwamba damu yao ilionyesha sura ya maambukizi ya bakteria hata pale bakteria walipokosekana; walipokuwepo, sura hiyo ilizidi.

Utendaji huu wa jeni usichanganywe na kurithi jeni yenye kasoro, kama ilivyo kwa baadhi ya aina za jeni ya IFITM3. Aidha, kipimo kisichotaja siku ya ugonjwa hakitoshi kuamulia lolote.