Mtoto, Uchafu na Mzio: Habari Hii Ilianzia Wapi?

 

Siku moja kliniki, mama alimleta mtoto wa miezi 8 aliyekuwa akiharisha kwa mara ya tatu. Nilipomuuliza kama hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha, akanijibu, "Sista, si wanasema mtoto akizoea uchafu hapati pumu?"

Mama mpendwa, swali hilo lina historia. Ni heri uijue yote, si nusu yake.

Mzio, ambao wengi tunauita aleji, hutokea kinga ya mwili inapopigana na kitu kisicho adui, kama vumbi, chavua au chakula. Mwaka wa 1989, daktari David Strachan wa Uingereza aliandika juu ya watoto 17,414 waliozaliwa huko mwezi wa Machi 1958. Aliona kwamba wenye ndugu wengi, hasa wakubwa wao, hawakupata sana mafua ya mzio. Akafikiri kwamba watoto hao huambukizana mapema, na kinga yao hujifunza.

Hata hapa Kenya jambo kama hilo lilionekana. Mwaka wa 1998 watafiti walitoa habari za watoto wa shule waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Nairobi, takriban 23 katika kila 100 walibanwa kifua. Mashambani Murang'a, walikuwa takriban 13.

Mwaka wa 2003, Graham Rook wa London alilirekebisha wazo la Strachan. Alisema kinachofundisha kinga si magonjwa ya kuambukizana, bali vijidudu ambavyo binadamu ameishi navyo tangu kale: vya udongoni, vya mifugo, vya tumboni, na hata minyoo. Aliviita marafiki wa zamani.

Sasa tuje kwenye ziwa letu. Kati ya 2003 na 2005, kule Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waliingia katika utafiti. Wengine walipewa dawa ya minyoo, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba watoto wa waliopewa dawa walipata zaidi ukurutu wa ngozi. Watu wakashtuka.

Basi kuanzia 2012 watafiti wakaenda visiwa vya Koome, kwa wavuvi kama wa Mbita na Muhuru Bay. Katika vijiji 26 walilinganisha dawa nyingi ya minyoo na dawa ya kawaida. Baada ya miaka 3, waliotibiwa zaidi hawakuwa na pumu wala mzio kuliko wenzao.

Unaona, mama? Jibu bado halijakamilika. Lakini hakuna popote katika historia hii palipoandikwa kwamba kinyesi humkinga mtoto. Kuhara humuua mtoto kwa siku chache, na minyoo humnyonya damu mama mjamzito.

Kwa hivyo fanya hivi. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako pekee kwa miezi 6, kwa kuwa yana vijidudu vizuri. Mwache acheze na ndugu zake uani, lakini mbali na mavi ya kuku na ya watu. Usimpe dawa ya kuua bakteria kwa kila mafua. Huua na wale wema. Nawa kwa sabuni utokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kulisha. Chemsha maji ya ziwa au uyatie dawa. Ukiwa mjamzito, meza dawa ya minyoo kama utakavyoelekezwa kliniki. Na mtoto akikoroma kifuani au kupumua kwa shida, usingoje asubuhi, mpeleke hospitalini.

Udongo wa shamba si adui wa mtoto wako. Adui ni kinyesi kilichofika mdomoni.

Hadi kipindi kijacho, kwaherini, na watoto wawe salama.